Je, Wajua Nimodipini? Dawa Moja, Njia Mbili

Ukuta wa mshipa wa damu ulio chini ya ubongo ukidhoofika, hutokeza kivimbe, kama mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa mahali pamoja. Madaktari hukiita aneurizimu. Wapo wanaoishi nacho hadi uzeeni bila kujua. Kikipasuka, damu humwagika kati ya ubongo na utando unaoufunika, na mgonjwa hushikwa ghafla na maumivu ya kichwa makali kuliko yote aliyowahi kuyapata. Wengine hutapika, wengine shingo hukakamaa, wengine huzimia papo hapo.

Akiwahishwa hospitali na kivimbe kikazibwa, ndugu hudhani hatari imekwisha. Bado. Kati ya siku ya 4 na ya 14 hivi, mishipa ya ubongo iliyorowa damu huweza kujikaza hadi sehemu ya ubongo ikakosa damu. Mtu aliyekuwa ameanza kuongea na watoto wake anapooza mkono au anapoteza usemi. Nimodipini hutolewa kwa ajili ya siku hizo.

Dawa hii huzuia kalisi isiingie kwenye seli. Misuli ya mshipa huhitaji kalisi ili ijikaze, kwa hiyo ikiikosa hulegea. Ndivyo ilivyotarajiwa, na ndivyo tulivyozoea kuelezwa. Kumbe picha za mishipa hazikuonyesha waziwazi kwamba inapanuka kiasi hicho, ilhali wagonjwa walipona vizuri zaidi. Wataalamu wengi sasa wanaona kwamba nimodipini hulinda pia seli zenyewe za ubongo. Uthibitisho mkubwa ulitoka Uingereza mwaka 1989, katika utafiti wa wagonjwa 554: waliopewa nimodipini walipungukiwa na kiharusi cha kukosa damu kwa asilimia 34, wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Katika ugonjwa huu unaoua na kulemaza watu wa makamo, hiyo si faida ndogo.

Kipimo cha kawaida kwa mdomo ni miligramu 60 kila baada ya saa 4, usiku na mchana, kwa siku 21. Ini huivunja sehemu kubwa ya dawa kabla haijafika kwenye mzunguko wa damu, na kinachosalia ni kama asilimia 13, yaani miligramu 8 hivi. Ikipitishwa mshipani, ini halipati nafasi hiyo. Ndiyo maana dripu ya nimodipini, inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, huanza na miligramu 1 tu kwa saa, na baada ya saa 2 hupandishwa hadi miligramu 2 ikiwa presha ya mgonjwa imetulia. Mwenye uzito mdogo au presha inayoyumba huanza na nusu miligramu. Hata kwa mwendo wa miligramu 2 kwa saa, miligramu 60 zingechukua saa 30 kuingia mwilini. Sasa fikiria zote zikiingia kwa dakika moja.

Jambo hilo lilitokea Marekani, tena zaidi ya mara moja. Miaka hiyo nimodipini iliyoidhinishwa huko ilikuwa ya kumezwa tu, kapsuli laini zenye dawa ya majimaji ndani. Mgonjwa aliyepoteza fahamu hamezi. Muuguzi alitoboa kapsuli kwa sindano nene, akavuta majimaji kwa bomba la sindano, kisha akayapitisha kwenye mpira wa puani unaokwenda tumboni. Bomba lile ni lilelile la kuchomea dawa za mshipani, na kando ya kitanda kilekile kuna mrija wa dripu ambao bomba hilo linaingia bila taabu. Muuguzi mwingine akilikuta mezani limejaa, halina maandishi, atalipeleka wapi? Akilisukuma mshipani, presha hushuka, moyo hupunguza mwendo au husimama. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilihesabu matukio 25 kati ya mwaka 1989 na 2009 ambapo dawa ya kumezwa iliandikwa ipitishwe mshipani au ilipitishwa huko. Wagonjwa 4 walifariki.

Onyo lenye fremu nyeusi liliwekwa kwenye karatasi ya dawa mwaka 2006, na bado mwaka 2010 mamlaka hiyo ililazimika kukumbusha tena. Kwangu mimi hilo linaonyesha kwamba karatasi ya maonyo haiwezi kumlinda mgonjwa saa nane za usiku. Kinachomlinda ni bomba la kunyweshea dawa ambalo mdomo wake haushiki kabisa kwenye mrija wa mshipani, dawa kuvutwa na mfamasia badala ya kuvutiwa kitandani, na lebo iliyobandikwa kabla bomba halijatoka mkononi mwake. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha nimodipini ya maji ya kunywa, na haja ya kutoboa kapsuli ikapungua.

Hata pale dripu yenyewe ilipo halali, ina masharti yake. Nimodipini haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo chupa yake ina pombe ya asilimia 23.7. Kwa miligramu 2 kwa saa, mgonjwa hupata kwa siku pombe inayokaribia ya chupa mbili kubwa za bia, jambo zito kwa mwenye ini bovu. Dawa hunata kwenye plastiki ya PVC, hivyo mrija lazima uwe wa polietilini, la sivyo sehemu ya kipimo hubaki njiani. Jua huiharibu. Hupitishwa kwa pampu kwenye mshipa mkubwa, pamoja na maji mengine ya dripu, na presha hupimwa mara kwa mara, kwa sababu presha ikishuka mno ubongo uliojeruhiwa hukosa damu, madhara yaleyale ambayo dawa ililetwa kuyazuia.

Ndugu nao wana la kusema mapema. Rifampisini ya kifua kikuu, na dawa za kifafa kama fenitoini, kabamazepini na fenobabito, hulifanya ini livunje nimodipini upesi mno, na ya kumezwa inakuwa kama haikumezwa. Baadhi ya dawa za VVU na juisi ya balungi hufanya kinyume, huipandisha. Mgonjwa asiye na fahamu hawezi kueleza, na picha ya kichwa haionyeshi kwamba mwezi uliopita alianzishiwa dawa za TB. Aliyekuwa akimkumbusha kuzimeza ndiye wa kumwambia daktari.