ADABU ZETU KATIKA KUNDI LA DARASA

Sisi wanafunzi wa kutwa hatuji na simu shuleni, na sababu mnaijua, maana msako haubishi hodi. Jioni tukifika nyumbani ndipo tunapoingia katika kundi la darasa la WhatsApp, tena wengi wetu kwa simu za wenyewe. Mimi hutumia ya mama. Jirani yangu wa dawati hungoja ya kaka yake wa bodaboda, ambayo hufika saa mbili usiku ikiwa karibu kuzima. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Tukiandika kundini hudhani tunaongea na Kidato cha Tatu peke yao.

Nitatoa mfano, na mkosaji ni mimi mwenyewe. Muhula wa pili mwenzetu mmoja alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Siku ya tatu nikaandika kwamba huenda ameajiriwa kuchunga mbuzi ili alipe deni, nikaweka na kile kikatuni cha kucheka hadi machozi. Watu walicheka! Kumbe simu anayotumia ni ya mama yake, na jioni hiyo mama ndiye aliyekuwa ameishika ili mtoto asipitwe na masomo. Alisoma yote, na vicheko vyetu vyote. Kisha akaandika: "Asanteni wanangu. Kazi ya hesabu ni ukurasa gani?"

Mwili ulinifa ganzi. Nikakimbilia kufuta.

Hapa naomba nieleze, maana wengi wanafikiri kufuta ni dawa. Ukifuta ujumbe kwa wote, mahali pake hubaki maneno kwamba ujumbe umefutwa, basi kila mtu anajua ulikuwa na la kuficha. Na aliyewahi kupiga picha ya skrini anabaki nayo. Picha ya maneno yangu nilikuja kuonyeshwa na mtoto wa Kidato cha Kwanza, ambaye hata hayumo kundini mwetu. Ujumbe uliopitishwa mara nyingi sana huwekewa mishale miwili, na tangu Aprili 2020 mtu hawezi kuupeleka ila kwa mtu au kundi moja kwa wakati. Lakini picha ya skrini ikitumwa huanza safari upya, haina mishale yoyote.

Serikali nayo ina neno. Kenya ina sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mitandao, inayogusa hata kumsumbua mtu kwa maandishi. Halafu kuna sheria ya 2019 ya kulinda data. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Kama shule nzima ilitozwa, sisi tunaotundika picha ya mwenzetu akiteleza matopeni siku ya michezo tunajiamini nini?

Kuna makosa mengine madogo, ila yanaudhi. Mwalimu akileta swali la insha, watu arobaini huandika "sawa mwalimu" mmoja baada ya mwingine hadi swali lenyewe linazikwa. Mwenye bando kidogo akiingia saa nne usiku anatafuta swali kama sindano. Mwingine huandika kwa herufi kubwa tupu, utadhani anatugombeza. Na yule anayetuma vichekesho saa sita usiku (unajijua) akumbuke kwamba simu inalia kando ya kitanda cha baba anayeamka saa kumi kwenda kazini. Mwalimu naye si rika letu. Kumwandikia "niaje" bila salamu ya heshima ni sawa na kuingia ofisini umevaa kofia.

Nirudi kwangu. Ningeweza kuomba msamaha kundini, lakini niliona huko ni kulitangaza deni la watu mara ya pili. Jumamosi nikaenda kwao kwa miguu. Mama alikuwa anachambua mboga, akanisikiliza hadi mwisho bila kuinua macho, kisha akaniambia, "Keti unywe chai." Mwenzetu alirudi shuleni wiki iliyofuata. Hatujawa marafiki kama zamani. Juzi aliniomba daftari la kemia, nikampa.