Kamusi ya Mawe Inabomolewa

Atokaye Tononoka, akavuka Barabara ya Digo na kuingia Mji wa Kale wa Mombasa, huona njia zikiwa nyembamba, kuta zikikaribiana na roshani za mbao zikimwinamia. Wageni hupiga picha wakaenda zao. Lakini walimu na wanafunzi wa Kiswahili wana kazi nyingine hapo, nayo ni kusoma.

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alikuta misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Wareno waliushambulia mji mwaka 1505, wakarudi tena mwaka 1528. Kati ya 1593 na 1596 walijenga Ngome ya Yesu kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Waomani waliitwaa mwaka 1698, na chini ya Waingereza ikawa gereza tangu 1895 hadi 1958. Neno gereza lenyewe latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Watawala walikwenda zao, neno likabaki.

Tutazame neno jingine, sakafu. Katika Kiarabu, asili yake ni neno lenye maana ya dari au paa. Kwetu sisi sakafu ni pale tunapokanyaga. Je, wazee wetu walikosea? La hasha! Katika nyumba ya mawe ya ghorofa, boriti za mikoko hulazwa juu ya kuta, kisha mawe ya matumbawe na chokaa hupangwa juu yake na kupondwa hata vikashikana. Aliye chini akiinua macho huona dari. Aliye juu huikanyaga. Kitu ni kile kile kimoja. Kwa maoni yangu, asiyeijua nyumba hiyo hawezi kulielewa neno hilo sawasawa. Tena urefu wa boriti, ambao hauzidi sana mita 3, ndio ulioamua upana wa vyumba.

Siku moja niliwapeleka wanafunzi wangu Kibokoni. Niliwaomba wataje sehemu za mlango mmoja wa kuchongwa. Walijua mlango na kufuli basi. Mwimo, mfaa, kizingiti na komeo vilikuwa mbele ya macho yao, nao hawakuwa na majina yake. Walipoulizwa juu ya daka na kidaka, walitazamana. Sikuwalaumu, kwani wengi wao wamezaliwa katika nyumba za saruji zisizo na vitu hivyo.

Ni kweli kwamba Mji wa Kale uliwekwa chini ya hifadhi ya kisheria mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Ngome ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Hata hivyo, sheria hulinda kuta. Haiwezi kumlazimisha mtu kusema. Kila nyumba kongwe inapoanguka na fleti kusimama mahali pake, msamiati wake hupoteza makao.

Nawasihi walimu wenzangu, tuwatume wanafunzi kwa maseremala, waashi na bibi zao, wakiwa na daftari mkononi. Waulize kila kitu kinaitwaje na kinafanya kazi gani, kisha waandike. Tusipoziba ufa huu, ukuta tutakaotakiwa kuujenga kesho hatutajua hata kuutaja.