Lokiriama: Bei ya Bunduki na Thamani ya Mapatano

Biashara ya silaha za kujihami huuza jambo moja kuu, nalo ni uhakika kwamba chombo kitafanya kazi saa ya hatari. Katika miji ya Kenya uhakika huo hutafutwa katika bastola fupi inayofichika kiunoni, ambayo raia humiliki kwa cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, akishachunguzwa na Bodi ya Leseni za Silaha. Ufupi huo, hata hivyo, una gharama: mtutu mfupi hupunguza kasi ya risasi, na kwa kuwa sehemu ya juu inayotoa ganda na kuingiza risasi nyingine husafiri umbali mdogo, vumbi, risasi mbovu au mshiko dhaifu huikwamisha kwa urahisi kuliko bastola kubwa.

Lokiriama, katika eneo la Loima magharibi mwa Lodwar, karibu na mpaka wa Uganda, bastola haina nafasi kubwa, kwa sababu mfugaji hulinda mifugo katika uwanda mpana ambamo adui huonekana mbali kuliko inavyoweza kulenga. Silaha iliyotawala huko ni AK-47, iliyoingia katika jeshi la Kisovieti mwaka 1949, ambayo vyuma vyake, vikiwa vimeachiana nafasi, huvumilia vumbi na uchache wa matunzo. Bunduki hizo zilizagaa baada ya mwaka 1979, serikali ya Idi Amin nchini Uganda ilipoanguka na Wamatheniko, tawi la Wakaramojong, wakachukua silaha katika ghala la kambi ya Moroto. Vita vya kusini mwa Sudan navyo vikaongeza nyingine.

Kiuchumi, mfugaji anayebadilisha ng'ombe kwa bunduki hutoa mtaji unaozaa na kupokea chombo kisichozaa, kinachodai risasi kila mara. Jirani naye akinunua, faida ya ulinzi hutoweka, ilhali hofu huacha malisho ya mpakani bila kulishwa na kuwafukuza wachuuzi wa mifugo.

Ndiyo maana mapatano ya Lokiriama ya Desemba 1973, ambamo Waturkana wa Kenya na Wamatheniko walizika silaha na kukubaliana kutumia malisho na maji kwa pamoja, yanastahili kupimwa kama rasilimali ya uchumi. Yalitangulia uporaji wa ghala la Moroto kwa zaidi ya miaka mitano, na ingawa silaha ziliongezeka sana baadaye, hayakufa: huadhimishwa hadi leo, na wakati wa ukame mifugo ya Turkana huvuka hadi bwawa la Kobebe, wilayani Moroto. Kenya na Uganda ziliimarisha ushirikiano huo kwa makubaliano yaliyotiwa saini Moroto mnamo Septemba 2019. Kinyume chake, amri ya Rais Museveni wa Uganda ya Mei 2023 iliwapa wafugaji wa Turkana miezi sita kuacha kuingia nchini humo na silaha, la sivyo wafukuzwe pamoja na mifugo yao. Bunduki iliyonunuliwa kulinda mifugo sasa yaweza kuifungia malisho.

Kwa hiyo fedha za umma zielekezwe kwenye polisi wa mpakani wanaofika kwa wakati, visima na masoko ya mifugo, maana mfugaji atasalimisha silaha yake pale tu ulinzi wa pamoja utakapokuwa wa kutegemewa kuliko bunduki hiyo.