Dawa yenye lebo ya uongo: serikali inatafuta nini, na wewe uangalie nini

Ukiwa Bugarama, Magara au Rumonge mjini, huenda umeshamsikia mtu mwenye kipaza sauti akiuza chupa moja inayoponya kisukari, presha, vidonda vya tumbo, mgongo na nguvu za kiume. Huenda pia umenunua vidonge vya kuhesabu, vimefungwa kwenye kipande cha karatasi. Maafisa wakija kukamata bidhaa kama hizo, wengi hudhani serikali inapiga vita mitishamba, au inamnyima mtu maskini riziki yake. Jambo lenyewe ni tofauti kidogo. Kinachotafutwa kwanza ni maneno yaliyoandikwa kwenye chupa au boksi: je, yanasema kweli kuhusu kilichomo ndani?

Uliza kilichotokea Ituri, ng'ambo ya pili ya mpaka. Kuanzia Desemba 2014, hospitali za kaskazini-mashariki mwa Kongo zilianza kupokea wagonjwa, watoto kwa watu wazima, shingo zimepinda, ulimi umetoka nje, misuli ya uso imekakamaa. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Vipimo vya maabara vya mikojo ya wagonjwa na vya dawa walizomeza ndivyo vilivyoonyesha ukweli. Vidonge vya rangi ya njano vilivyoandikwa diazepam vilikuwa na haloperidol ndani yake, dawa kali wanayopewa watu wenye ugonjwa mzito wa akili. Hadi Agosti 2015 karibu watu elfu moja walikuwa wamelazwa, na 11 walifariki. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari ya kimataifa mwaka huo. Hakuna mgonjwa ambaye angeweza kulijua jambo hilo kwa kutazama kidonge. Mama aliyempa mtoto wake hakufanya uzembe wowote. Alisoma lebo, na lebo ilimdanganya.

Kwa hesabu za WHO za 2017, katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban bidhaa 1 ya tiba kati ya 10 ni duni au bandia. Nyingine hazina dawa kabisa. Hizo zinaonekana kama hazina madhara, lakini mtoto mwenye malaria anayepewa unga mtupu anapoteza siku mbili au tatu, na kwa malaria siku mbili ni nyingi.

Sasa tuje kwenye mitishamba, maana hapo ndipo ubishi ulipo. Mizizi na majani si kosa. Burundi inawatambua waganga wa tiba za kienyeji na ina utaratibu wa kazi yao. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, na mganga anatakiwa kujisajili kwenye Baraza. Tatizo ni chupa iliyoandikwa “asili tupu” huku imechanganywa na dawa ya kiwandani. Maabara za nchi nyingi zimekuta sildenafil katika dawa za nguvu za kiume. Mtu anayetumia dawa fulani za moyo akiinywa bila kujua, presha yake inaweza kushuka ghafla hadi kumuua. Katika dawa za viungo na pumu hukutwa deksamethasoni. Maumivu yanaondoka haraka, unamsifu muuzaji, kumbe sukari na presha vinapanda polepole. Diklofenaki nayo huweza kutoboa tumbo. Kwa hiyo “dawa ya mizizi” ikikutuliza maumivu ya miaka mitano ndani ya nusu saa, usifurahi kwanza. Jiulize ni mzizi gani huo.

Aina ya pili ya uongo ni ahadi. Mwaka 2021, wakati wa korona, Uganda ilikuwa na dawa ya mitishamba iitwayo Covidex, na watu waliipanga foleni. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, NDA, ilionya kwanza kwamba haijaipitisha. Mwishoni mwa Juni iliiruhusu iuzwe, lakini kama dawa ya kusaidia tu, si ya kuponya korona. Chupa ilibaki ileile, maneno juu yake ndiyo yaliyobishaniwa.

Huku Burundi kazi ya kusimamia dawa na vyakula ni ya ABREMA. Kongo ni ya ACOREP. Ziwa letu lina boti nyingi na mizigo mingi, na ukaguzi haufiki kila mahali. Tuseme wazi pia: kufunga vibanda bila kuhakikisha dawa zipo kwenye kituo cha afya ni nusu ya kazi. Watu hununua njiani kwa sababu ni karibu, ni nafuu, na muuzaji anaongea lugha yao.

Ukinunua, omba dawa ndani ya boksi au pakiti yake. Tafuta jina la dawa, mtengenezaji, namba ya toleo (LOT) na tarehe ya mwisho (EXP). Namba iliyo kwenye boksi ilingane na ya kwenye pakiti ya ndani. Maandishi yaliyokosewa, karatasi iliyobandikwa juu ya nyingine, au kidonge chenye rangi tofauti na ulichozoea: rudisha. Lakini kumbuka Ituri. Lebo nzuri peke yake haitoshi, na ndiyo maana duka lenye kibali, ambalo unaweza kurudi kesho na kulikuta, ni bora kuliko begi.

Na kama umeshaitumia? Ukiona shingo inakakamaa, uso kuvimba, kupumua kwa shida au kinyesi cheusi, nenda kituo cha afya mara moja, na ubebe chupa yenyewe. Usiitupe kwa kuogopa kugombezwa. Mhudumu anahitaji kuiona ili ajue ulikunywa nini. Kama umeinywa kwa wiki nyingi, usiiache ghafla kabla ya kumwona mhudumu, kwa sababu ikiwa ndani mlikuwa na deksamethasoni, kuikatisha kwa siku moja kunaweza kukuangusha. Na ukiogopa kwenda kwa maafisa peke yako, mpe taarifa mhudumu wa afya wa jamii au kamati ya wakimbizi, uwape na pakiti.