Baada ya Chanjo, au kwa Sababu ya Chanjo? Ushahidi wa Madai ya Fidia Kutoka Zahanati za Tabora

Katikati ya karne ya kumi na tisa, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Kazeh, mahali ambapo leo ni sehemu ya Tabora. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu kuelekea pwani na kurudi na vitambaa na shanga; na pamoja na mizigo hiyo ulisafiri ugonjwa wa ndui. Richard Burton, aliyefika Kazeh mwaka 1857, aliandika kwamba Waarabu wa njia hiyo walikuwa wameanza kuwakinga watu kwa usaha wa ndui, wakiutia katika chale iliyokatwa kwenye paji la uso, kati ya nyusi. Neno chanjo lenyewe limebaki na kumbukumbu ya wembe, kwani kuchanja ni kukata chale.

Mpagazi aliyetiwa usaha akafa siku kumi baadaye, aliuawa na nini? Na usaha ule, au na ndui aliyokwisha kuipata kambini kabla ya kuchanjwa? Ugonjwa ni ule ule, vipele ni vile vile, na hapakuwa na daftari lililoonyesha alianza kuugua lini. Leo ndui imetokomezwa, lakini swali limebaki, na limepata uzito wa kisheria: anayedai fidia kwa madhara ya chanjo lazima aonyeshe kwamba chanjo ndiyo iliyomdhuru, si kwamba ilitangulia tu.

Kwa Watanzania wengi swali hili lilisikika waziwazi mwaka 2021. Mwezi Julai nchi ilipokea dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen dhidi ya UVIKO-19 kupitia mpango wa COVAX, na tarehe 28 mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua uchanjaji kwa kuchanjwa yeye mwenyewe. Miezi michache kabla, Februari 2021, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetangaza mpango wa fidia kwa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati, Tanzania ikiwemo. Mdai hakutakiwa kuthibitisha kosa la muuguzi wala la kiwanda. Alitakiwa kuonyesha mambo mawili: kwamba alipata ulemavu wa kudumu, au ndugu yake alifariki, na kwamba chanjo iliyopitia COVAX ndiyo sababu. Malipo yalikokotolewa kwa pato la taifa la kila mwananchi kwa mwaka, mara 12, mara kiwango cha madhara. Aliyeyapokea aliacha haki ya kushtaki kwa jambo hilo hilo.

Kuondolewa kwa hitaji la kuthibitisha kosa ni nafuu kubwa, lakini nafuu hiyo huishia pale mzigo wa kuthibitisha kisababishi unapoanza. Nje ya mpango wa namna hiyo mdai wa Tanzania hubaki na mahakama za kawaida, ambako hubeba mizigo yote miwili. Kipimo cha mahakama katika madai ni uwiano wa uwezekano: jambo liwe na uwezekano mkubwa zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli.

Maswali mawili yanayochanganywa

Wataalamu hutenganisha maswali mawili. La kwanza ni la jumla: je, chanjo hii inaweza kusababisha ugonjwa huu kwa binadamu yeyote? La pili ni la mtu mmoja: je, ndiyo iliyousababisha kwa huyu? Swali la kwanza hujibiwa na tafiti za maelfu au mamilioni ya watu, na mdai wa Sikonge au Urambo hana haja ya kulijibu mwenyewe. La pili hujibiwa na karatasi zilizojazwa katika zahanati yake, na hakuna utafiti wa Ulaya unaoweza kuzijaza kwa niaba yake.

Takwimu zenyewe zina mtego. Chukuliwe mfano wa kubuni. Katika mwezi mmoja, kati ya watu 100,000 ambao hawakuchanjwa, 20 wanapata ugonjwa fulani. Kati ya 100,000 waliochanjwa, wanapata 30. Chanjo imeongeza wagonjwa kumi, na hilo halina ubishi. Lakini ukimchukua yeyote kati ya wale 30, uwezekano kwamba yeye ni mmoja wa wale kumi ni theluthi moja, yaani chini ya nusu. Kwa kipimo cha mahakama, wote 30 wanashindwa, wakiwemo kumi ambao kweli waliumizwa. Ni mpaka hatari ijipindue mara mbili ndipo mdai wa kawaida anapovuka nusu kwa takwimu pekee. Anayeshangaa kwa nini sayansi ikubali madhara na mahakama ikatae fidia, jibu mara nyingi liko hapa.

Marekani ilijaribu kuukwepa mtego huu kwa sheria ya mwaka 1986, iliyoweka jedwali la madhara na muda wake. Mzio mkali unaotokea ndani ya saa nne baada ya chanjo zilizotajwa huchukuliwa kuwa umesababishwa na chanjo, mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Utumbo kujikunja ndani yake baada ya chanjo ya rota una nafasi ya siku 1 hadi 21. Uchambuzi wa mipango ya fidia uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta nchi 25 zenye mipango ya aina moja au nyingine, na hakuna hata moja ya Afrika. Afrika Kusini ilianzisha wa kwake kwa UVIKO-19 mwaka 2021. Kwa nchi yenye maabara chache, jedwali linalofuata muda na dalili lina haki zaidi kuliko jopo linalosubiri vipimo ambavyo mgonjwa hakuweza kuvipata.

Malaria kama shahidi msumbufu

Tabora inaongeza ugumu wake. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, asilimia 23 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa mkoani humo walikutwa na malaria, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Watoto hao ndio wanaopelekwa kliniki kwa chanjo ya surua na rubela wakiwa na miezi 9 na 18. Kwa hiyo, hata kama sindano zingejazwa maji safi, baadhi yao wangepata homa na degedege wiki hiyo hiyo.

Mzazi aliyeona mwanawe akikakamaa siku ya pili baada ya sindano hahitaji kuambiwa kwamba anakosea. Anahitaji mtu wa kuuliza saa. Homa ya chanjo ya pentavalenti, inayotolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa kawaida huja ndani ya siku mbili. Chanjo ya surua ni kirusi hai kilichodhoofishwa, ambacho lazima kwanza kizaliane mwilini. Homa yake huja zaidi kati ya siku ya 7 na ya 12. Degedege la siku ya kwanza baada ya surua halielekezi kwenye chanjo. La siku ya tisa linaweza kuelekeza.

Hapo kipimo cha haraka cha malaria kinaingia, nacho ni shahidi asiyenyooka. Kikiwa hasi, kinasaidia kuondoa mshukiwa mmoja. Kikiwa chanya, hakimalizi shauri, kwa kuwa kipimo hicho huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya tiba, na mahali penye maambukizi mengi mtoto huweza kubeba vimelea bila kuugua navyo. Tabibu anayeandika «malaria» na kufunga faili kwa sababu ya mstari mmoja kwenye kipimo amefanya kosa lile lile la mzazi anayesema «chanjo» kwa sababu ya tarehe. Hesabu ya vimelea kwa hadubini ingesema zaidi.

Malaria huvuruga hata ushahidi wa watu wazima. Chanjo ya Janssen ilihusishwa na ugonjwa adimu wa damu kuganda mishipani huku chembe sahani zikipungua. Marekani, hadi Machi 2022, ilikuwa imethibitisha wagonjwa 60, tisa kati yao wakifariki, katika dozi zaidi ya milioni 18, yaani takriban watatu kwa kila milioni. Kama kiwango kingekuwa hicho hicho Tanzania, na hilo ni sharti kubwa, shehena ile ya kwanza ingetarajiwa kuleta wagonjwa watatu hivi nchi nzima. Ni wachache mno, na ndiyo maana ni rahisi kuwapoteza katikati ya viharusi vingi vya shinikizo la damu.

Fikiria, basi, mama wa miaka arobaini katika kijiji cha Kaliua, apate maumivu makali ya kichwa siku ya kumi baada ya chanjo, kisha apooze upande mmoja. Muda unalingana, kwani ugonjwa huu kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya 4 na ya 42. Jopo litataka kuona hesabu ya chembe sahani, picha ya CT ya kichwa, na kipimo cha kingamwili dhidi ya protini iitwayo PF4. Kipimo hicho cha mwisho hakifanyiki katika zahanati, na mishipa haitasubiri sampuli ivuke zaidi ya kilomita 800 za reli kwenda Dar es Salaam. Hesabu ya chembe sahani ni kipimo cha kawaida, lakini malaria nayo hushusha chembe hizo. Bila kipimo cha malaria cha siku hiyo hiyo, namba ndogo ya chembe sahani haisemi lolote kwa uhakika. Vipimo viwili vya bei nafuu, vilivyochukuliwa pamoja siku ya kulazwa, vina thamani kuliko barua kumi za wakili mwaka unaofuata.

Makundi manne

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutathmini matukio haya una majibu manne: tukio linaendana na kusababishwa na chanjo, haliwezi kuamuliwa bado, haliendani, yaani limegongana nayo tu, au haliwezi kuainishwa kwa kukosa taarifa. Kundi hilo la nne ndilo kaburi la madai mengi. Halisemi kwamba chanjo haina hatia. Linasema kwamba hakuna aliyeandika. Kwa familia iliyompoteza mtu, majibu hayo mawili husikika kama moja, na ni wajibu wa mhudumu wa afya kuwaeleza tofauti.

Yapo madhara ambayo uthibitisho wake unakaribia ukamilifu. Chanjo ya polio ya matone, kwa nadra sana, husababisha kupooza, na kirusi chake kinaweza kutambuliwa kwa kusoma vinasaba vyake kwenye choo cha mgonjwa. Sampuli mbili hutakiwa, zikipishana saa 24 hadi 48, ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanze. Utaratibu huo ndio uliowezesha mwaka 2023 kutambua mkoani Rukwa kirusi cha polio chenye asili ya chanjo, na kuleta kampeni iliyofika hadi Kigoma, mwisho wa njia ile ile ya misafara. Siku ya 15 ikipita, ushahidi umeanza kuondoka.

Makosa ya utoaji hujulikana kwa namna nyingine: wagonjwa hujikusanya mahali pamoja. Mwaka 2017 watoto 15 walifariki karibu na Kapoeta, Sudan Kusini, baada ya chanjo ya surua iliyokaa siku nne nje ya mnyororo baridi na kutolewa kwa bomba moja lililotumika kwa wengi. Chanjo hiyo hiyo haikuua kwingineko. Na wasichana wa shule wanapozirai mmoja baada ya mwingine siku ya chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, kisababishi kinaweza kuwa hofu ya tukio lenyewe. Anayedhani huko ni kuigiza akumbuke Kashasha ya mwaka 1962, ambako kicheko kilianza kwa wasichana watatu na kikafunga shule bila sindano yoyote.

Lugha nayo inabeba hukumu. Mara nyingi husemwa «madhara yatokanayo na chanjo» kabla ya uchunguzi wowote. Yanayotokana na chanjo ni yale yaliyokwisha kuthibitishwa. Mengine ni matukio yanayofuata chanjo. Muuguzi anayeogopa kujaza fomu kwa kudhani anakiri kosa angeijaza kwa moyo mwepesi zaidi kama kichwa chake kingesema hivyo. Taarifa inayokwenda Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba si ungamo. Ni ushahidi, nao humlinda muuguzi mara nyingi kuliko unavyomshtaki.

Kinachotakiwa kuandikwa si kingi. Jina la chanjo na namba ya bechi, kwa kuwa bila namba hiyo mdai hata hawezi kuonyesha kwamba dozi yake ilipitia COVAX. Saa ya sindano, na saa ya dalili ya kwanza kwa maelezo ya aliyeiona. Magonjwa ya awali na dawa alizotumia, za miti shamba zikiwemo. Ikiwa mgonjwa amefariki na familia haikubali uchunguzi wa maiti, jambo linalostahili heshima, mahojiano ya makini na waliomuuguza, yakifanyika mapema, bado yanahesabika. Familia nayo itunze kadi ya kliniki, karatasi za kutoka hospitali na nakala za majibu ya maabara. Sheria ya ukomo wa muda Tanzania inatoa miaka mitatu kufungua shauri la madhara ya aina hii, na kadi iliyoloa mvua katika mwaka wa kwanza haitasomeka katika wa tatu.