Fedha za Kompyuta katika Shule za Kwale

Fedha za teknolojia katika shule za Kwale hazitoki mfuko mmoja. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 liliikabidhi kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, likaiachia serikali kuu shule za msingi na za upili. Mtoto wa Msambweni kwa hivyo huanza kusoma chini ya kaunti, huhamia serikali kuu akiingia gredi ya kwanza, na akijiunga na chuo cha ufundi Ukunda hurudi tena mikononi mwa kaunti. Hakuna ofisi moja inayomfuata toka mwanzo hadi apate kazi.

Vifaa vingi vilivyopo katika shule za msingi vililetwa na Mpango wa Ujuzi wa Kidijitali. Ahadi ya serikali kuu mwaka 2013 ilikuwa vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ikabatilishwa, na ugavi ulipoanza mwaka 2016 watoto walipewa vishikwambi, vilivyotolewa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta kwa ushirikiano na kampuni za kigeni. Pamoja navyo zilikuja kompyuta za walimu, projekta, ruta, na seva iliyojazwa masomo. Vishikwambi huchukua masomo kutoka kwa seva kupitia ruta, bila intaneti wala bando, na kwa shule za ndani ya Kinango au Lunga Lunga huo ndio uliokuwa uzuri wa mpango wenyewe. Ila kishikwambi kimoja kikiharibika, watoto wawili watatumia kingine pamoja. Seva ikizimika, hakuna mtoto anayepata masomo yake.

Gharama kubwa huja baada ya kununua, na hapo ndipo bajeti hukosea. Kuanzia Diani hadi Gazi, hewa ya chumvi hula shaba ya viunganishi mpaka ikaota kutu ya kijani na chaja ikakataa kushika. Betri iliyofungiwa kabatini likizo nzima huchoka. Ruzuku ya shule ya msingi imekuwa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka: shule ya watoto 300 inastahili shilingi 426,000, na humo mna vifaa vya kufundishia, umeme, maji na ukarabati. Fundi wa kompyuta huwa wa mwisho kwenye foleni.

Hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, iliyotengewa na sheria ya 2015 asilimia 2.5 ya mgao wa serikali kuu, imejenga madarasa na maabara, lakini ni mfuko wa miradi. Jengo huzinduliwa na kupigwa picha. Matengenezo hayana sherehe, na ndiyo yanayoamua kama mtoto atajifunza. Mrabaha wa madini, ambao kwa Sheria ya Madini ya 2016 huipa kaunti asilimia 20 na jamii asilimia 10, ungeweza kuziba pengo hilo, ila kampuni ya madini ya Base Titanium ilimaliza uchimbaji wake Kwale Desemba 2024.

Haja ya walimu nayo imezidi. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha mtaala wa kuandika programu za kompyuta, na gredi ya 10 iliyoanza Januari 2026 ina mkondo wa sayansi na teknolojia. Shule isiyo na mwalimu wa kompyuta humfungia mwanafunzi mlango akiwa angali kijana mdogo.

Kazi za kutumia ujuzi huo zipo karibu. Hoteli za Diani huendeshwa kwa mifumo ya kuhifadhi vyumba, malipo ya simu, kamera za usalama na Wi-Fi, na kila mojawapo huhitaji mtu wa kuvuta nyaya, kusoma kosa kwenye skrini na kulirekebisha wageni wakingoja. Nyaya za intaneti za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na tangu 2016 mpango wa Ajira Digital umewafunza vijana kazi za mtandaoni, ingawa kijiji chenye mnara dhaifu wa simu hunufaika kidogo. Ufundi wa mikono ndio njia fupi zaidi kwa wengi: ukarabati wa simu na kompyuta, mitandao, na umeme wa jua, ambao ufungaji wake huhitaji leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA. Mafunzo ya aina hiyo katika vyuo vya ufundi vya vijijini yako chini ya kaunti, ambayo haihitaji ruhusa ya Nairobi kuyaongezea fedha, na wanagenzi wake wangeweza kutengeneza seva za shule za jirani.