Kabla ya Kuilaumu Injini, Hesabu Meno ya Difu

Wenye pikapu hunijia na maneno yale yale: fundi, gari limekosa nguvu. Mara nyingi anayelalamika ameshabadilisha filta ya hewa na ya dizeli, nozeli zimepimwa, pengine hata pampu imefunguliwa. Bado akipakia na kuanza kupanda, gia ya tatu inakataa na ya pili inapiga kelele. Mimi sianzi na injini. Nainama nisome namba zilizo ubavuni mwa tairi, kisha namuuliza: difu yako ni ya meno mangapi? Hapo wengi hunyamaza.

Difu ni ule uvimbe wa chuma ulio katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake pinioni ndogo, inayozungushwa na propela, inaumana na kraunwili, gurudumu kubwa la meno linalopeleka mzunguko kwenye shafti mbili za magurudumu. Gawanya meno ya kraunwili kwa meno ya pinioni, utapata kile mafundi wanachokiita resho. Kwenye Toyota Hilux utakutana na 43 kwa 11, yaani 3.909, 41 kwa 10, yaani 4.1, na 41 kwa 9, yaani 4.556. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo propela inavyozunguka mara nyingi zaidi ili gurudumu lizunguke mara moja, na ndivyo gurudumu linavyosukumwa kwa nguvu zaidi. Ni kama mtu anayepandisha gunia ghorofani kwa safari mbili badala ya moja: kila safari ni nyepesi, ila hatua ni nyingi. Injini haijaongezewa nguvu hata chembe. Imepangiwa kazi upya.

Sasa turudi kwenye tairi, maana hapo ndipo watu wengi wanapojipokonya nguvu wenyewe. Chukua pikapu iliyotoka na tairi za 205/70R15. Kipenyo chake ni kama milimita 668. Mwenyewe anataka gari liinuke, mashimo yasimsumbue, basi anavalisha 265/70R16, zenye kipenyo cha milimita 777 hivi. Tofauti ni asilimia 16. Ni sawa na kuondoa difu ya 4.556 na kuweka ya 3.909 bila kugusa boliti hata moja. Klachi inaanza kuungua kwenye mwanzo wa mlima, na spidomita inasema 80 wakati gari linakwenda karibu 93. Mtu huyu akiweka resho ya 4.556 pale palipokuwa na 3.909, gari litarudi kuwa lile alilonunua, na spidomita inayochukua mwendo kutoka kwenye giaboksi itasema kweli tena.

Kuna jambo la pili ambalo wanaouza magari hawalitaji, nalo ni hewa yetu. Naivasha ipo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Kinangop inazidi mita 2,400. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi na moto ndani ya silinda ni hafifu. Kwa hiyo pikapu inayolala Kihoto, mtaa wetu hapa Naivasha, imeshapoteza zaidi ya moja ya sita ya nguvu zake kabla hata haijawashwa, na ikifika Kinangop kuchukua kabichi na viazi hasara imepita moja ya tano. Yenye tabo huumia kidogo tu. Ndiyo maana pikapu mbili za muundo mmoja, moja Mombasa na nyingine huku kwetu, haziwezi kuhukumiwa kwa kipimo kimoja. Sehemu ya hasara hiyo hufidiwa na difu: kutoka 4.1 kwenda 4.556 unapata asilimia 11 zaidi ya msukumo katika kila gia. Hiyo inatosha kuifanya gia ya tatu ivute pale ilipokuwa inasita. Faida nyingine huonekana ukishuka mteremko wa Mai Mahiu: injini inalishika gari vizuri zaidi na breki hazichemki upesi. Lakini breki, springi na fremu ni zile zile, kwa hiyo mzigo usiongezwe hata gunia moja.

Gharama ya resho kubwa iko barabarani. Kwenye mwendo ambao injini ilizunguka mara 2,000 kwa dakika sasa itazunguka kama 2,220. Ukiwa mtu wa kwenda Nairobi kila siku bila mzigo, utachoma mafuta zaidi na kuchoshwa na mlio. Huyo namshauri aache difu yake ilivyo.

Kujua resho uliyonayo hakuhitaji kufungua chochote. Weka kabari kwenye magurudumu ya mbele, toa breki ya mkono, weka gia huru, kisha inua gurudumu moja tu la nyuma na uliegemeze gari kwenye stendi imara. Tia alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi hilo mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Ikizidi nne kidogo, ni 4.1, ikipita nne na nusu, ni 4.556. Njia hii ni ya difu ya kawaida, si ile yenye kufuli. Kwenye Toyota, kibati cha utambulisho pia kina msimbo wa ekseli ambao muuza spea mzoefu atausoma.

Kazi yenyewe ndiyo inayonitia wasiwasi. Kraunwili na pinioni husagwa pamoja kiwandani na kupewa namba moja. Usikubali kuuziwa kraunwili ya gari moja na pinioni ya jingine, hata zikiwa na meno sawa. Kina cha pinioni hupangwa kwa shimu nyembamba, beringi hukazwa kwa kipimo, na mchezo kati ya meno kwenye difu ya Hilux ya inchi 8 uwe kati ya milimita 0.13 na 0.18, takriban unene wa karatasi mbili. Hakuna mkono unaoweza kupima mchezo huo. Fundi asiye na geji ya saa na rangi ya kupaka kwenye meno aone yanagusana wapi, mshukuru na uondoke. Ukikosa fundi wa namna hiyo, ni salama zaidi kununua difu nzima iliyotumika, ambayo haijafunguliwa, na kuibadilisha kama ilivyo. Na kama gari linavuta magurudumu yote manne, difu ya mbele ibadilishwe pamoja na ya nyuma. Resho mbili tofauti zitapigana, na kitakachovunjika ni giaboksi ndogo iliyo kati yao.

Gia mpya zinataka oili ya GL-5, kilomita 800 za kwanza bila mzigo mzito, kisha oili imwagwe na kuwekwa nyingine.

Kwa wenzangu wa Kihoto nina ombi moja. Ziwa Naivasha liliingia mitaani mwetu mwaka 2020, likarudi 2025, na pikapu nyingi zilipita majini zikihamisha vitanda na watoto. Difu iliyotoka safarini huwa ya moto. Ikizama ghafla, hewa iliyo ndani hupoa na kusinyaa, ikavuta maji kupitia bomba la kupumulia au sili iliyochoka. Maji hayo hayatoki yenyewe, na beringi huota kutu kimya kimya hadi siku difu inapoanza kulia. Kabla ya kufikiria resho mpya, fungua nati ya chini ya difu wiki hii na uangalie kinachotoka. Kikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usilipeleke gari hilo Kinangop kabla hujaisafisha difu na kukagua beringi zake.